Baba ana ini lililosinyaa, tumeambiwa tusimpe protini kabisa. Tumlishe nini?

Mjukuu_wa_Nansio

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu.

Naomba msaada kwa anayejua lishe ya mgonjwa wa ini. Baba yangu ana miaka 59, ni mvuvi, kaacha kazi baada ya tumbo kuanza kuvimba. Vipimo vilionyesha homa ya ini B ya muda mrefu na kwamba ini limeshasinyaa. Alilazwa, akatolewa maji tumboni, akaanzishiwa dawa ya virusi ya kumeza kila siku, dawa mbili za kukojoza maji, na ile laktulosi, dawa tamu ya maji. Sasa ameruhusiwa, yuko kwangu hapa mjini.

Kinachotusumbua ni chakula. Siku tunatoka tulitajiwa kwa mdomo vitu vya kuacha: nyama, mayai, samaki, maharage, maziwa, mafuta, chumvi. Tukaambiwa protini itampanda kichwani achanganyikiwe. Na ni kweli alishachanganyikiwa akiwa wodini, hakunijua hata mimi, kwa hiyo tuliogopa tukafuata neno kwa neno. Anakula uji mweupe, ndizi za kuchemsha, tikiti maji na maji ya glukosi basi. Miguu bado imevimba na tumbo limeanza kurudi, lakini mikono imebaki mifupa na mashavu yameingia ndani. Kunyanyuka kitandani mpaka ashikwe. Shangazi anasema hajakonda maana mizani inasoma kilo 70, ileile aliyokuwa nayo kabla hajaugua. Mimi kwa macho yangu naona baba anakwisha.

Ni kweli protini ni mwiko? Na hawa maafisa lishe wa hospitali wanamsaidia nini mtu mzima kama huyu? Nilidhani wao ni wa watoto wenye utapiamlo.

Mtu_wa_Kirumba

Pole sana dada. Kaka yangu alikuwa na tatizo hilohilo, na sisi tulikatazwa nyama na mayai. Kuna mizizi fulani inachemshwa, anakunywa kikombe asubuhi na jioni, inasafisha ini. Ukitaka nikuelekeze niambie.

AfisaLishe_Ziwa

Dada, pole sana na mzee. Mimi ni afisa lishe katika hospitali ya rufaa huku Kanda ya Ziwa, na wagonjwa wangu ni wa ini, tumbo, utumbo na kongosho. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu jambo hili linaniuma. Orodha kama hiyo mliyopewa naikuta mara kwa mara mikononi mwa ndugu wenye mapenzi makubwa na mgonjwa wao, na ndiyo inayommaliza.

Jibu fupi: mrudishie protini. Anza leo jioni.

Sasa nikueleze kwa nini, ili hata shangazi akikubishia uwe na la kusema.

Nianze na mizani. Kilo 70 za baba yako si nyama na mifupa yote. Lita moja ya maji ya tumboni ina uzito wa karibu kilo moja, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza misuli miezi mizima na mizani isitingishike, maana maji yanaziba pengo. Ndiyo maana wodini siuamini uzito kabla sijamtazama mtu. Namwangalia pande mbili za paji la uso kama pameingia, juu ya mabega kama mfupa umejitokeza, na ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Napima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe, kwa sababu maji hayakai sana pale. Halafu namwambia anibane vidole kwa nguvu zake zote, na anyanyuke kitini bila kushika popote. Wewe umeshaniambia hawezi kunyanyuka, basi hicho ni kipimo tosha. Macho yako yamekuambia kweli.

Kwa hesabu, maji yakiwa mengi tumboni tunaondoa asilimia 15 ya uzito, na miguu ikiwa imevimba tunaongeza 5. Yakiwa ya wastani tunaondoa 10 badala ya 15. Sijamwona mzee, lakini tukichukulia kwamba yamejaa, ni asilimia 20 ya kilo 70, yaani 14. Zinabaki 56. Huo ndio uzito ninaomlisha. Mgonjwa wa ini lililosinyaa anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo baba yako ni gramu 67 hadi 84. Ndiyo, ni nyingi kuliko anazohitaji mtu mzima mwenye afya. Na nishati ni kama kilokalori 2,000. Uji mweupe bakuli moja una gramu mbili au tatu tu za protini. Unaona shimo lilivyo kubwa?

Hofu ya kuchanganyikiwa ilikuwa na msingi wake. Protini ikivunjwa hutoa amonia, na ini likishindwa kuisafisha inafika kwenye ubongo. Kwa miaka mingi hospitali duniani kote ziliwanyima protini wagonjwa wa aina hii. Baadaye watu wakapima. Utafiti wa Barcelona uliochapishwa 2004 uliwagawa wagonjwa waliochanganyikiwa makundi mawili, wengine wakabaniwa protini na wengine wakapewa ya kawaida. Waliobaniwa hawakupona haraka zaidi, na miili yao ikazidi kujila yenyewe. Misuli nayo inasafisha amonia. Ini likilegea, misuli ndiyo inayobeba sehemu ya kazi hiyo. Kwa hiyo unapomnyima mzee protini ili asichanganyikiwe, misuli inayomlinda asichanganyikiwe ndiyo inayoyeyuka. Miongozo ya sasa ya matibabu inasema wazi kwamba protini isipunguzwe.

Wodini mara nyingi mtu huchanganyikiwa kwa sababu nyingine: choo kigumu cha siku kadhaa, maambukizi kwenye yale maji ya tumboni, kutokwa damu ndani, dawa za kukojoza zilizomkausha, au dawa za usingizi. Laktulosi iko pale kwa ajili hiyo. Lengo ni choo laini mara mbili hadi tatu kwa siku. Ndugu wengi wakiona mgonjwa anaenda choo mara tatu wanasema anaharisha na wanaacha dawa. Msiache. Ikizidi sana, choo kikawa maji matupu, mpigie daktari apunguze kipimo. Na mkiona mzee analala mchana kutwa anakesha usiku, mikono inapapatika akiinyoosha mbele, au anasahau vitu vya jana, msingoje siku ya kliniki, mleteni.

Jambo la pili ni usiku, na kama utakumbuka kitu kimoja tu katika haya, kumbuka hili. Ini zima ni ghala la sukari ya akiba: ukilala saa nane bila kula, linakutolea kidogo kidogo mpaka asubuhi. Ini lenye makovu halina akiba hiyo. Usiku mmoja bila chakula, mwili wa baba yako unafika pale ambapo mwili wako wewe ungefika baada ya kufunga siku mbili tatu mfululizo, na unaanza kubomoa misuli kutengeneza sukari. Kule New Zealand walifanya utafiti uliochapishwa 2008: wagonjwa wa ini walipewa kinywaji cha lishe kilekile, kundi moja mchana, jingine usiku kabla ya kulala, kwa mwaka mzima. Waliopewa usiku ndio waliojenga mwili. Kwa hiyo kabla ya kulala mzee ale wanga wa kutosha, kama gramu 50: vipande vitatu vya mkate na glasi ya maziwa, au viazi vitamu viwili vya wastani na mtindi, au bakuli la uji mzito wa maziwa. Asubuhi akiamka tu, ale. Kati ya mlo wa mwisho na wa kwanza pasizidi saa kumi.

Mchana msimpe sahani kubwa. Maji yanalibana tumbo la chakula, anashiba kwa vijiko vichache. Gawa mara sita. Asubuhi uji wa dona uliopikwa kwa maziwa na kijiko cha karanga za kusaga, na mayai mawili. Mchana ugali kidogo na kikombe cha maharage au choroko. Jioni ugali au wali na kipande cha sato kama kiganja chake bila vidole. Katikati mtindi, ndizi, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa). Hapo ameshapita gramu 80. Wapo wanaovumilia maziwa, mikunde na samaki vizuri kuliko nyama nyekundu, kwa hiyo anza na hivyo. Dagaa wa ziwa waliokaushwa ni protini tupu, konzi moja tu ni gramu 15 na zaidi, na bei mnaijua. Wapikwe laini, wasagwe hata kwenye uji kama hapendi kuwaona. Mafuta ya kawaida ya kupikia msiyaogope, anahitaji nishati. Na kwa kuwa amekaa na njaa muda mrefu, pandisheni taratibu ndani ya siku kadhaa, siyo yote kesho.

Hayo maji ya glukosi yaacheni. Yanamjaza tumbo, halafu hayajengi chochote.

Karanga na mahindi ya kusaga chagueni wenyewe, moja moja. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupeni. Sumukuvu inashambulia ini, na kwa mwenye homa ya ini B inazidisha sana hatari ya saratani ya ini. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Mnakumbuka 2016 Dodoma na Manyara, watu waliugua na kufa kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Sasa chumvi. Hapa waliowaambia wamekaribia ukweli. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5 hadi 6, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate. Lakini msiitoe yote mpaka chakula kisilike, maana mgonjwa asiyekula anakufa mapema kuliko mwenye maji tumboni. Wekeni ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya, giligilani. Ile chumvi mbadala ya potasiamu msinunue, na dawa zake za kukojoza inaweza kumletea shida ya moyo.

Na magadi! Kazi yangu kubwa inaanzia saa sita mchana, ndugu wanapoingia wodini na hotipoti. Hospitali zetu nyingi mgonjwa analishwa na nyumbani, kwa hiyo nikikaa ofisini na karatasi sijafanya kitu. Naomba ruhusa, nafunua, natazama, naonja mchuzi. Kuna mama mmoja aliniapia hatii hata chembe ya chumvi kwa mumewe, na alisema kweli. Maji yalikuwa yanarudi kila baada ya kutolewa. Nikafunua hotipoti, maharage yameiva mpaka yanavurugika, mchuzi una utelezi. Nikamuuliza ameyapika muda gani. Akasema haraka tu, ametia magadi, na mlenda wa jioni huwa anatia pia. Magadi ni sodiamu, dada, sawa na iliyomo kwenye chumvi. Tulikubaliana aloweke maharage usiku kucha na kumwaga maji, na mlenda aupike na bamia. Hakuna kipimo cha maabara kingetuonyesha jambo hilo. Angalia na vile vipande vya kiungo cha supu vya dukani, ng'onda, na soseji.

Umeuliza tunafanya nini. Tunafanya hivi: tunakadiria uzito usio na maji, tunapima misuli, tunahesabu anachokula kweli na siyo anachopikiwa, tunakaa na anayepika, na tunaongea na daktari. Mgonjwa asipoweza kumeza tunashauri mrija wa puani. Wa kongosho tunawapangia vimeng'enya na mafuta, wa utumbo uliokatwa tunawapangia maji na chumvi. Akitolewa maji mengi tunaongeza protini, kwa sababu yale maji yanatoka nayo. Siku ya kliniki mwambie daktari aandike rufaa ya lishe kwenye faili. Ukiambiwa ni ya watoto, omba kwa upole uonane na afisa lishe mwenyewe, yuko mahali fulani jengoni. Na nenda na yule anayepika, hata kama siyo wewe.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Naunga mkono hapo kwenye mlo wa usiku. Kwenye wodi chakula cha jioni kinaletwa saa kumi na mbili, ndugu wanatoka, na mgonjwa anakaa hivyo mpaka chai ya saa mbili asubuhi. Hizo ni saa kumi na nne. Tangu afisa lishe wetu atuombe, tunawaambia ndugu waache mkate na maziwa ya pakiti kwenye kabati la kitanda, na sisi tunampa kwenye mzunguko wa dawa wa saa tatu. Haigharimu hospitali hata senti.

Baba_Mwajuma

Asante afisa. Mimi niko Tanga. Mama yangu ana tatizo hilo, alishajaa maji na sasa yamepungua kwa dawa. Ramadhani iliyopita alifunga kwa siri, akaanguka. Mwaka huu amesema lazima afunge tena, hataki kusikia. Nimwambieje bila kumkosea adabu?

AfisaLishe_Ziwa

Baba Mwajuma, ini likishafika hatua ya kuleta maji, kuchanganyikiwa au kutapika damu, sisi hospitalini tunasema mgonjwa asifunge. Ni saa 13 hivi bila chakula wala maji, na yeye anatumia dawa za kukojoza, figo zinaweza kugoma. Usibishane naye peke yako. Mpeleke kwa daktari wake amwambie kwa mdomo wake, kisha muende kwa shehe mnayemheshimu na maneno ya daktari. Wazee wengi hukubali wakisikia kwa shehe kwamba mgonjwa ana ruhusa, na la kulipa kwa kulisha masikini mtaelezwa hapohapo. Mpe nafasi ya kuandaa futari ya wengine, wengine wanaumia kwa kujiona wametengwa na mwezi wenyewe.

Kijana_wa_Buhongwa

Mjomba wangu alitapika damu nyingi, akawekewa kamera, mishipa ya umio ikafungwa. Wakasema ni kichocho cha muda mrefu. Chakula ni hichohicho?

AfisaLishe_Ziwa

Karibu sawa, ila kuna tofauti. Kichocho cha tumbo kinaweka makovu kuzunguka mishipa ya ini, lakini seli zenyewe za ini mara nyingi bado zinafanya kazi. Kinachomtishia mjomba ni damu. Siku za mwanzo baada ya kufungwa mishipa ale laini na vuguvugu: mtori, uji, mayai ya kuchemsha yaliyopondwa. Baadaye ale kawaida, na arudishe damu kwa dagaa, nyama, maini, mboga za majani zenye ndimu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini asiguse bila daktari, zinaweza kumfungulia damu upya. Na kama anarudi kuvua, ahakikishe amepewa dawa ya kichocho, maana ziwa ni lilelile.

Mtu_wa_Kirumba

Afisa, na hii mizizi? Watu wamepona.

AfisaLishe_Ziwa

Kaka yangu, najua unasema kwa nia njema, na pole kwa kaka. Kila kinachomezwa kinapita kwenye ini. Ini zima linaweza kuvumilia kitu lisichokijua, hili la mzee halina pa kuegemea. Nimewapokea wodini watu waliokuwa wanatembea na kucheka, wakanywa mizizi, macho yakawa njano na wengine hatukuweza kuwarudisha. Hatujui kilichomo wala kipimo chake. Mkitaka kumtendea jema, nunueni trei ya mayai. Na ninyi mlio nyumba moja naye, pimeni homa ya ini B. Asiye nayo na asiyewahi kuipata achanjwe, chanjo ipo. Watoto waliozaliwa tangu 2002 wengi waliipata utotoni, sisi wakubwa hapana.

Mjukuu_wa_Nansio

Dada afisa, Mungu akubariki sana. Nimesoma yote kwa sauti, baba akiwa amekaa, na shangazi kasikia. Jana kala yai moja na uji wa maziwa na sato nusu kipande. Ameomba ndimu zaidi. Maswali mawili ya mwisho: akishalala kabla sijampa cha usiku, nimwamshe? Na samaki anasema ananuka, anataka kutapika.

AfisaLishe_Ziwa

Umenifurahisha sana. Usimwamshe, mlishe mapema kidogo, saa tatu, kabla usingizi haujamchukua. Ikitokea kalala, weka mkate na maziwa karibu na kitanda, wenye dawa za kukojoza huwa wanaamka usiku, akiamka kwenda chooni mtu ampe hapohapo. Kichefuchefu kinazidi chakula kikiwa cha moto, kwa hiyo samaki mpe akiwa amepoa, umpake ndimu na tangawizi kabla ya kupika, na pikia mbali na anapolala. Ikishindikana kabisa, siku hiyo mpe mtindi na choroko, sato atarudi. Mpime mzunguko wa mkono wa juu leo kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto, uandike kwenye daftari la kliniki. Rudia baada ya wiki nne, mkono uleule. Ukienda kliniki mwonyeshe daktari daftari hilo pamoja na kilo zilizosomwa kwenye mizani.